Hosteli ya mbao: kazi iko kwenye mwanya

Chuo kinachotaka hosteli ya mbao huniuliza mambo mawili kila mara: je, haitaungua, na je, itakuwa tayari muhula ukianza? Mwanya wa sentimita chache unaobaki kati ya moduli na moduli hauulizwi na mtu, na mimi muda wangu mwingi wa kuchora unaishia humo.

Tuelewane kwanza. Moduli ninayoizungumzia ni chumba kizima kinachotoka kiwandani kikiwa na sakafu, kuta, dari, dirisha, bafu, nyaya na mara nyingi hata kitanda. Kinapakiwa kwenye lori, kinanyanyuliwa kwa kreni na kuwekwa juu ya mwenzake. Hosteli inaukubali ujenzi huu kuliko karibu jengo lolote lingine, kwa sababu chumba cha mwanafunzi ni kilekile kinachojirudia mara mia tatu. Halafu kuna kalenda. Familia inayosubiri nyumba inaweza kuvumilia mwezi mmoja zaidi, lakini wanafunzi wakishapanga kwingine, vitanda vya chuo vinakaa vitupu hadi mwaka unaofuata. Vyumba vikitengenezwa kiwandani wakati msingi unachimbwa, kazi mbili zilizokuwa zikifuatana zinakwenda kwa pamoja.

Upana wa chumba, kwa njia, hupangwa na barabara kabla msanifu hajashika kalamu. Barani Ulaya lori la kawaida haliruhusiwi kuzidi mita 2.55. Ukitaka mzigo mpana zaidi unaomba kibali, na ukizidi sana unatakiwa na gari la kusindikiza. Ndiyo maana vyumba hivi vingi ni virefu na vyembamba, bafu likiwa mlangoni na meza chini ya dirisha.

Mfano ninaoupenda ni Woodie, jengo la Hamburg, Ujerumani, lililokamilika mwaka 2017 kwa michoro ya wasanifu Sauerbruch Hutton: vyumba 371 vya wanafunzi, ghorofa sita za moduli za mbao zilizopangwa juu ya meza ya zege, yaani ghorofa ya chini iliyojengwa kwa zege. Wengi hulitaja pamoja na Brock Commons la Chuo Kikuu cha British Columbia kule Vancouver, Kanada, lililokamilika mwaka huohuo, lenye ghorofa 18 na vitanda 404. Hilo halikujengwa kwa moduli. Ni paneli bapa za mbao juu ya nguzo za mbao zilizogundishwa, na minara miwili ya zege kwa ngazi na lifti. Muundo wake wa mbao ulisimama kwa siku zisizofika 70, kwa hiyo kasi haikuwakosa. Mimi nikiambiwa ghorofa sita au saba, nachagua moduli. Zikipita kumi, narudi kwenye paneli na nguzo. Moduli za chini hubeba zote zilizo juu yake, kwa hiyo kadiri unavyopanda ndivyo kuta za chini zinavyozidi kunenepa, na ile faida ya kutengeneza kitu kimoja mara mia tatu inaanza kuyeyuka. Na makosa madogo yanajumlishana: milimita tatu kwa kila moduli ni milimita 18 ukifika ya sita, na mlango wa lifti hausamehi.

Sasa mwanya wenyewe. Kila moduli ina kuta zake, sakafu yake na dari yake, kwa hiyo kati ya jirani na jirani kuna kuta mbili, na kati ya ghorofa na ghorofa kuna dari na sakafu, kila moja peke yake. Wapinzani husema huo ni ubadhirifu wa mbao, na kwa kiasi fulani wako sahihi. Lakini unachonunua kwa ubadhirifu huo ni utulivu. Paneli ya mbao ina uzito wa kama kilo 480 kwa mita ya ujazo. Zege ni kama 2,400. Sauti huzuiwa kwa uzito, na kwa uzito mbao haziwezi kushindana. Njia iliyobaki ni kutenganisha. Moduli inakalia vipande vya mpira maalumu, na katikati panabaki hewa na pamba ya mawe, yaani nyuzi za mawe yaliyoyeyushwa.

Tatizo ni kwamba utengano huu unaharibiwa na kitu kidogo mno. Niliwahi kuitwa kupima kelele kwenye jengo ambalo chumba kimoja tu kilikuwa kinalalamikiwa, wakati vingine kwenye korido ileile vilikuwa shwari. Tulipofungua jipsamu tukakuta bamba la chuma la kuunganisha moduli mbili limekazwa mbao kwa mbao, bolti nne, bila kile kipande cha mpira cha chini yake. Kila kiti kilichoburutwa chumba cha pili kilipita pale. Fundi hakuwa mzembe. Mchoro aliopewa ulionyesha bamba na bolti bila kuonyesha mpira. Tangu hapo kiungo hicho nakichora kwa ukubwa kamili, mpira kwa rangi nyekundu.

Mkataba nao una mtego wake. Alama ya kawaida ya kimataifa ya kelele za nyayo huhesabiwa kuanzia hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, ilhali ile dudu-dudu ya mtu anayetembea peku juu ya sakafu nyepesi iko chini ya hapo. Jengo linafaulu mtihani na wanafunzi hawalali. Mwombe mhandisi wa sauti apime kuanzia hezi 50, na uandike hivyo kabla zabuni haijatangazwa.

Kuhusu moto, mbao yenyewe hainitishi sana. Mbao laini huungua kuelekea ndani kwa kasi inayotabirika, kama milimita 0.65 kwa dakika, na mkaa unaojitengeneza nje huikinga iliyo nyuma yake. Saa moja ni kama milimita 40; unaongeza unene huo, au unafunika kwa jipsamu, au unafanya yote mawili. Cha kuchunguza ni gundi inayounganisha tabaka za mbao za paneli, kwa sababu gundi inayolegea kwenye joto huangusha tabaka lililoungua, na mbao ambayo haijaungua iliyo nyuma huufufua moto uliokuwa unazimika. Dai cheti cha kipimo cha gundi hiyo.

Kinachonitisha ni moto ulioingia kwenye mwanya. Huko ndani hakuna bomba la kuzimia linalofika, na zimamoto hawauoni. Wanaona moshi tu ukitoka ghorofa mbili juu ya pale walipodhani ndipo moto ulipo. Kwa hiyo mwanya unafungwa kwa vizuizi kila ghorofa na kila mpaka wa chumba. Na hapa wahandisi wawili hugombana mbele yako: wa moto anataka mwanya uzibwe kabisa, wa sauti hataki kitu chochote kigumu kiguse pande zote mbili. Suluhu ni ukanda wa pamba ya mawe uliobanwa, laini wa kutosha kutobeba sauti, mzito wa kutosha kuzuia ndimi za moto. Ila unatakiwa kuwekwa wakati moduli inashushwa na kreni, kabla ya inayofuata kufika. Ukisahauliwa, hauwekeki tena. Kwa hiyo naomba picha ya kila ukanda, yenye namba ya chumba, kabla kreni haijageuka.

Maji ndiyo adui anayeua majengo ya mbao kimyakimya zaidi. Mbao ikikaa na unyevu unaozidi asilimia 20 kwa muda mrefu, kuvu huanza kuila. Bafu likivuja ndani ya mwanya, maji huteremka bila kugusa dari ya mtu na kutokeza mbali sana na chanzo chake. Hivyo sakafu ya bafu iwe sinia moja iliyopanda ukutani, na chini yake pawe na kijitundu cha kutoa maji upande wa korido, ili uvujaji ujitangaze mahali ambapo msafishaji anapita kila siku. Mlango wa njia ya wima ya mabomba nao ufungukie koridoni. Fundi bomba asilazimike kugonga mlango wa mwanafunzi aliye katikati ya mitihani. Ila usipitishe bomba la maji ya moto kwenye korido hiyo bila kulifunika vizuri. Jengo la mbao ni jepesi, halina uzito wa kumeza joto, na bomba hilo halilali usiku wala mchana.

Hesabu ya kaboni ni rahisi. Mita moja ya ujazo ya mbao laini ikikaushwa kabisa ina kama kilo 430, karibu nusu yake kaboni. Zidisha kaboni hiyo kwa 3.67 upate kama kilo 790 za kaboni dioksidi. Chumba cha mita za mraba 20 kinachotumia mita tisa za ujazo kinahifadhi kama tani saba. Lakini hifadhi hiyo ipo mradi mbao zipo. Jengo likibomolewa na kuchomwa baada ya miaka 30, hesabu imerudi sifuri.

Kila brosha husema jengo linaweza kufunguliwa na kuhamishwa. Mara nyingi si kweli, kwa sababu sakafu ya korido imemwagwa zege moja kwa moja juu ya viungo, na ngozi ya nje imepigiliwa ikivuka moduli mbili. Basi naomba mchoro wa kubomoa, uandaliwe na mkandarasi yuleyule na ukabidhiwe pamoja na funguo: moduli ipi inatoka kwanza, bolti ziko wapi, bomba linakatwa wapi, kulabu za kreni zinafungwa kwenye nini na uzito ni kiasi gani. Mkandarasi akishindwa kuuchora, simalizii malipo ya mwisho.