Mtafiti wa baada ya uzamivu katika maabara ya ikolojia ni nani?

Ni mtu aliyekwisha kupata shahada ya uzamivu, kisha akaajiriwa na chuo kikuu kwa mkataba wa muda ili afanye utafiti ndani ya kundi la profesa fulani. Wengi humwita posdoki tu. Si mwanafunzi tena, maana hakuna tasnifu inayomsubiri. Wala si mhadhiri, kwa kuwa mara nyingi halazimiki kufundisha na hana hakika ya kubaki. Mkataba wenyewe kwa kawaida ni wa mwaka 1 hadi 3.

Maabara ya ikolojia ni watu zaidi kuliko chumba. Kuna profesa, posdoki mmoja au wawili, wanafunzi na mafundi sanifu, wote wakizunguka swali moja kubwa, tuseme kwa nini baadhi ya mimea hutoweka mifugo ikizidi malishoni. Chumba kipo, chenye hadubini, friji ya sampuli na oveni ya kukaushia majani kabla ya kuyapima uzito, lakini data hutoka uwandani. Huko mtu hupiga magoti kwenye fremu ya mraba akihesabu mimea, au hubadilisha betri za kamera zilizofungwa mitini. Baadaye hufuata miezi mbele ya kompyuta, aghalabu kwa R, lugha ya kompyuta ya kuchambulia takwimu iliyobuniwa Auckland, New Zealand, na Ross Ihaka na Robert Gentleman. Anayekuja akitamani kushinda porini hushtuka hapo. Na wapo wasiokanyaga uwandani kabisa: kazi yao ni kuunganisha data za wengine, mtindo uliokipa umaarufu NCEAS, kituo cha utafiti wa ikolojia cha Santa Barbara, California, kilichoanzishwa 1995.

Mshahara hutoka njia mbili. Ukilipwa kwa ruzuku ya profesa, swali la utafiti limekwisha kuandikwa, nawe unaingia kulitekeleza. Ukiomba ufadhili wako mwenyewe unakuja na swali lako, ila masharti hubana. Ule wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya, kwa mfano, kwa kawaida haumpokei aliyeishi katika nchi anayokwenda kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya siku ya mwisho ya maombi. Kwa maoni yangu njia ya pili inampa mtu uhuru zaidi, ingawa kusubiri majibu kunachosha.

Jambo ambalo wageni hulipuuza ni data ni za nani. Katika fani hii data huishi muda mrefu kuliko mikataba. Jaribio la nyasi la Park Grass huko Rothamsted, Uingereza, linaendelea tangu 1856. Hivyo utakabidhiwa majedwali ya waliokutangulia, na ndani yake utakuta safu iitwayo “urefu2” isiyo na maelezo. Ni sentimita au milimita? Aliyeijaza yuko chuo kingine na hajibu barua pepe. Wiki nzima huishia hapo. Zaidi ya hayo, ulizia mapema nani atatajwa wa kwanza kwenye makala, nafasi ambayo huchukuliwa na aliyefanya sehemu kubwa ya kazi, huku mkuu wa maabara akitajwa wa mwisho. Ulizia pia kama utaruhusiwa kuendelea kutumia data hizo ukishaondoka. Posdoki wa zamani wa maabara hiyo watakueleza mambo haya wazi kuliko profesa mwenyewe, kwa hiyo waandikie kabla ya kusaini.

Halafu kuna tarehe ya kuanza. Ukiripoti mwezi mmoja baada ya mimea unayoichunguza kukauka, utangoja karibu mwaka mzima msimu urudi, na katika mkataba wa miaka 2 hiyo ni karibu nusu ya muda wako. Kujadiliana kuhusu mwezi wa kuripoti kuna uzito kuliko kujadiliana kuhusu mshahara, ambao mara nyingi umekwisha kupangwa na chuo.