Je, Wajua Kwa Nini Mashabiki Hugombania Haiba ya Sherlock Holmes?

Tafuta jina la Sherlock Holmes pamoja na neno "haiba" kwenye intaneti, na hutachelewa kukuta watu wazima wanazozana kwa ajili ya herufi moja. Hawa wanaapa kwamba ni INTJ, wale wanashikilia kuwa ni INTP. Anayegombaniwa ni mpelelezi wa kubuni, ambaye hakuzaliwa wala hakufa. Je, ubishi kama huo una jibu?

Tuzieleze herufi kwanza, kwa wasiozijua. Zimetoka kwenye dodoso la kupima haiba liitwalo Myers-Briggs. Ya kwanza huonyesha nguvu zako zinaelekea wapi: ndani mwako (I) au nje, kwa watu na shughuli (E). Ya pili ni jinsi unavyoijua dunia, kwa yale yanayoonekana na kushikika (S) au kwa machale, yaani kuunganisha dalili mpaka picha ijitokeze (N). Ya tatu inahusu uamuzi: unaongozwa na hoja (T) au unatanguliza utu na hisia za watu (F)? Ya mwisho ndiyo inayoleta ugomvi wetu. J ni mtu anayetaka mambo yapangwe na shauri likatwe mapema, P ni yule anayependa kuyaacha wazi. Ukizichanganya zote unapata aina 16.

Sasa tumwangalie Holmes. Katika hadithi ya "The Musgrave Ritual" ya mwaka 1893, Watson, rafiki anayeishi naye na kusimulia visa vyake, anasema hajaona binadamu mwenye fikra zilizopangika kama zake, na hata mavazi yake ni nadhifu. Chumba chake ndicho balaa. Biri zimewekwa kwenye ndoo ya makaa, tumbaku imesokomezwa ndani ya ncha ya sapatu ya Kiajemi, na barua ambazo hazijajibiwa zimechomwa kisu katikati ya rafu ya mbao iliyo juu ya meko. Wa J wanashika zile fikra, wa P wanashika kile kisu, na wote wananukuu ukurasa uleule! Mimi nikilazimishwa kuchagua nitakwenda na P, lakini si kwa sababu ya vurugu za chumbani. Holmes huona ni kosa kubwa kuunda nadharia kabla ushahidi haujakusanywa, na huko ndiko kuacha mambo wazi. Atatokea mtu wa kunijibu kwamba ushahidi ukishatimia hakuna anayekata shauri haraka kama yeye, nami sitakuwa na la kumwambia.

Ubishi hauishi kwa sababu dodoso hujazwa na mhusika mwenyewe. Linauliza unapendelea nini, haliulizi majirani wanakuonaje. Holmes hawezi kulijaza, na sehemu kubwa ya tunayoyajua juu yake yamepitia macho ya Watson. Hata mwandishi wake hawezi kutusaidia: Arthur Conan Doyle alifariki mwaka 1930, kabla dodoso lenyewe halijaanza kutungwa. Alimchora mpelelezi wake kwa kumtazama Joseph Bell, daktari aliyemfundisha Edinburgh, na alichohitaji ni mtu wa kumfanya msomaji afungue ukurasa unaofuata.

Hata hivyo, wanaodai kwamba mashabiki wanaichezea sayansi wamesahau historia ya nadharia iliyozaa dodoso hili. Kwa sehemu ilijengwa hivyohivyo, kwa kuwasoma watu wa vitabuni na watu maarufu. Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, alipotoa kitabu chake juu ya aina za haiba mwaka 1921, alitenga sura nzima kwa Prometheus na Epimetheus, ndugu wawili wa hekaya za Kigiriki, kama walivyosimuliwa na mshairi Carl Spitteler. Prometheus, anayeisikiliza nafsi yake tu, alimfanya mfano wa mtu anayeelekea ndani, na nduguye Epimetheus, anayefuata ulimwengu unavyotaka, akawa wa kuelekea nje. Kwa upande wa fikra, alimtaja mwanasayansi Darwin kuwa mfano wa anayefikiri kuelekea nje na mwanafalsafa Kant kuelekea ndani. Swali lenyewe lilikuwa limemkaa rohoni kutokana na madaktari wawili mashuhuri waliochunguza nafsi za watu, Freud na Adler, walioyaeleza matatizo yaleyale ya wagonjwa kwa namna zisizofanana.

Huko Marekani, Katharine Briggs alikuwa ameshaanza kuwagawa watu katika makundi kwa kusoma wasifu wa watu maarufu kabla hajakutana na kazi ya Jung. Binti yake, Isabel Briggs Myers, ndiye aliyetunga dodoso wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Hakuna kati yao aliyesomea saikolojia rasmi. Na Isabel alikuwa ameshachapisha riwaya, tena ya upelelezi!

Mwaka 1944 wanasaikolojia Fritz Heider na Marianne Simmel walionyesha jinsi tabia hii ya kukipa kila kitu haiba ilivyo na mizizi mirefu. Waliwaonyesha watu filamu fupi ya pembetatu kubwa, pembetatu ndogo na duara, zikizunguka kando ya mstatili wenye mlango. Basi. Walipoombwa waeleze walichokiona, watazamaji 33 kati ya 34 walisimulia habari za viumbe hai, na ile pembetatu kubwa ikaonekana mkorofi na mwonevu. Ikiwa pembetatu inapewa haiba, Holmes atakwepea wapi?

Tena kuna wahusika wanaoingia kwenye aina hizi bila kusukumwa, wale ambao wahakiki huwaita wahusika bapa. Fisi wa hadithini ni mlafi asubuhi na jioni, na Sungura hajawahi kukosa ujanja wa kutoka mtegoni. Binadamu halisi hawako hivyo. Ukipima watu wengi kwa kipimo cha ndani na nje, wengi wao huangukia katikati, wala hawajigawi makundi mawili yaliyoachana. Ndiyo maana mtu anaweza kurudia dodoso baada ya wiki chache akapewa herufi nyingine.

Kwa viongozi na wasanii mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu tunachokiona ni kazi yao. Mwaka 1967 wanasaikolojia Edward Jones na Victor Harris waliwapa watu insha za kumuunga mkono au kumpinga Fidel Castro, kiongozi wa Cuba wakati huo. Wasomaji waliambiwa wazi kwamba mwandishi alipangiwa upande wa kutetea, na bado wakaamini kuwa kwa kiasi fulani aliyoyaandika ndiyo yaliyomo moyoni mwake. Basi rais anayehutubia kwa moto huenda anasoma maneno ya mwandishi wa hotuba, na mwigizaji mchangamfu mbele ya kamera huenda analipwa kuchangamka. Orodha za "watu maarufu wa aina yako" mimi huzisoma kama burudani, sizichukulii kama ushahidi.

Jung mwenyewe aliulizwa kuhusu aina yake katika mahojiano ya televisheni ya BBC mwaka 1959. Alijibu kwamba kufikiri ndiko kulikomtambulisha, machale pia alikuwa nayo kwa wingi, upande wa hisia ulimpa taabu, na uhusiano wake na mambo halisi haukuwa mzuri sana. Mwenye nadharia ametamka kwa kinywa chake, kamera ikimtazama. Mashabiki wamegawanyika: INTJ, INTP, na wapo wanaosema INFJ.