Pengo la vitabu pepe katika riwaya za mfululizo ni nini?

Umemaliza kitabu cha tatu kwenye simu, unatafuta cha nne, hakipo. Cha tano kipo, cha sita kipo, vyote vinauzwa. Hilo ndilo pengo la vitabu pepe: baadhi ya riwaya za mfululizo mmoja zinapatikana kielektroniki na nyingine hazipatikani, ingawa zote zilishachapwa kwenye karatasi zamani.

Wasomaji wengi humlaumu mchapishaji kwa uzembe, na wakati mwingine hawakosei. Lakini mara nyingi mzizi wa tatizo ni mkataba. Kwa msomaji mfululizo ni hadithi moja. Kisheria, kila kitabu kinaweza kuwa na mkataba wake. Mwandishi aliyeandika kwa miaka thelathini huenda amepitia wachapishaji watatu, na mikataba yake ya mwanzo haikutaja vitabu pepe kwa kuwa soko lake halikuwepo.

Mkataba ukiwa kimya, haki ni ya nani? Mwaka 2001 swali hilo lilifika mahakamani New York, kampuni ya uchapishaji ya Random House ilipoishtaki Rosetta Books, kampuni ya vitabu pepe iliyopewa haki na waandishi wenyewe, kwa kuuza matoleo ya kielektroniki ya riwaya za Kurt Vonnegut, William Styron na Robert B. Parker. Mikataba iliipa Random House haki ya kuchapa na kuuza kazi hizo “katika umbo la kitabu”. Jaji aliona maneno hayo hayagusi kitabu pepe, akakataa kuizuia Rosetta kuendelea kuuza. Mwaka 2002 mahakama ya rufaa ikamuunga mkono. Ila usidhani mwandishi hushinda daima. Mwaka 2014 mchapishaji HarperCollins aliishinda mahakamani Open Road, kampuni nyingine ya vitabu pepe iliyopewa haki na mwandishi, kwa sababu mkataba wa mwaka 1971 ulikuwa na kifungu kinachotaja kompyuta. Yote hutegemea maneno yaliyotiwa saini enzi hizo, na mwandishi akishafariki, warithi nao huwa na kauli yao.

Ndiyo maana pengo hupenda kukaa kwenye vitabu vya zamani, vile vile ambavyo msomaji mpya anavihitaji kwanza. Kwa mchapishaji, huko ni kujikata mguu mwenyewe.

Hata haki zikiwa wazi, kazi ipo. Riwaya ya miaka ya 1970 kwa kawaida haina faili la kompyuta. Inabidi nakala ya karatasi ipigwe skani, programu isome herufi, kisha mtu asahihishe ukurasa kwa ukurasa, maana r na n zilizobanana husomwa kama m, na tarakimu 1 hugeuka kuwa herufi l. Kama kitabu hicho kiliuza kidogo kuliko wenzake, gharama hiyo hairudi upesi, nacho husukumwa mwisho wa foleni.

Kuna pia mipaka ya nchi. Haki za Uingereza na za Marekani huuzwa kando, hivyo kitabu kinaweza kuwepo huku na kukosekana kule.

Na kuna pengo la uongo. Mwandishi aliyerudishiwa haki zake huweza kukitoa kitabu mwenyewe, kikiwa na jalada tofauti, na duka lisikiunganishe na orodha ya mfululizo. Kabla ya kukata tamaa, tafuta kwa jina la mwandishi pamoja na jina la kitabu chenyewe, wala usitegemee namba ya mfululizo.