Je, wajua kwa nini maranda hayageuki dizeli kirahisi?

Nyuma ya karakana za samani za Keko, Dar es Salaam, maranda na unga wa mbao havikosekani. Mengine hutandazwa kwenye mabanda ya kuku, mengine huishia motoni. Humo mna kaboni na haidrojeni, vitu vilevile vinavyounda dizeli. Mbona basi hatuyageuzi mafuta ya gari?

Kikwazo ni oksijeni. Zaidi ya asilimia 40 ya uzito wa mbao kavu ni oksijeni. Ukiyapasha maranda moto wa nyuzijoto 500 hivi pasipo hewa, kisha ukaupoza mvuke haraka, unapata kimiminika cheusi kinachonuka moshi. Kinaitwa mafuta, lakini robo yake yaweza kuwa maji, kina asidi inayokula chuma, kikikaa kinazidi kuwa kizito, na nishati yake kwa kilo haifiki nusu ya dizeli.

Ili kuitoa oksijeni, kimiminika hicho hupitishwa juu ya metali pamoja na haidrojeni yenye mgandamizo mkubwa. Hapo metali inafanya kazi ya dalali: inaikamata haidrojeni, inaikutanisha na oksijeni, wawili hao wanaondoka wakiwa maji, yenyewe inabaki ikisubiri mteja mwingine. (Tena haidai kodi ya mwezi mmoja.)

Platini na rutheni zinaimudu kazi hiyo, ila bei yake haishikiki. Kwa bei za miaka hii, gramu moja ya platini inanunua zaidi ya kilo nzima ya nikeli. Ndiyo maana watafiti wamegeukia nikeli, chuma, kobalti na molibdeni. Uwezo wa nikeli ulijulikana zamani. Mwanakemia Mfaransa Paul Sabatier alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1912 kwa kazi ya kutia haidrojeni kwenye vitu vya kaboni kwa msaada wa metali kama hiyo.

Lakini rahisi huvunja upishi. Masizi hujijenga juu ya nikeli mpaka inazibika. Masizi yanaweza kuchomwa yakatoka. Chembe za nikeli zilizokwisha kushikamana kwa joto ndizo hazirudi kirahisi. Isitoshe, nikeli ikizidisha bidii huikata minyororo ya kaboni, na mafuta uliyoyatarajia yanatoka yakiwa gesi. Kuichanganya na chuma husaidia: chuma hushika oksijeni, nikeli huleta haidrojeni.

Haidrojeni yenyewe, kwa sehemu kubwa duniani, bado hutengenezwa kwa gesi asilia, na hiyo Dar inaipata kwa bomba kutoka Songosongo tangu 2004. Ila ukiitumia hiyo, dizeli yako ya maranda nayo itakuwa na hewa ukaa ya kisukuku, yaani iliyotoka kwenye gesi ya ardhini, ndani ya hesabu yake.