"Nina STCW": maana yake hasa

STCW ni mkataba, si cheti. Kwa Kiswahili ungeitwa Mkataba wa Kimataifa wa Viwango vya Mafunzo, Utoaji Vyeti na Ukaaji Zamu kwa Mabaharia. Ulipitishwa London mwaka 1978 chini ya Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO), ukaanza kutumika 1984, ukarekebishwa kwa kiasi kikubwa mwaka 1995 na tena Manila mwaka 2010. Unaowabana hasa ni serikali: nchi iliyoridhia imeahidi kutompa mtu cheti cha ubaharia kabla hajafikia kiwango kilichoandikwa humo. Maana yenyewe ni hiyo tu.

Sasa tuje kwenye kero. Matangazo ya "pata STCW kwa wiki mbili, uende meli za nje" yamezagaa hadi aliyemaliza kozi fupi nne anajiona kakamilika. Kozi hizo zina jina lake, mafunzo ya msingi ya usalama: kujiokoa baharini, kuzuia na kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama binafsi pamoja na wajibu wa kijamii melini. (Tangu 1 Januari 2026 hii ya mwisho inabeba pia uonevu na unyanyasaji, ukiwemo wa kingono. Imechelewa, lakini imefika.) Huongezwa ya tano, ya ulinzi wa meli. Zinawahusu karibu wote wanaofanya kazi melini, awe mpishi, mhudumu wa meli ya abiria au nahodha mwenyewe. Kwa hiyo haziwezi kuwa sifa ya kazi fulani. Kumwita aliyezimaliza "baharia aliyefuzu" ni sawa na kumwita dereva mtu aliyejifunza kufunga mkanda.

Hata hizo zenyewe si za darasani tu. Katika kujiokoa, mwanafunzi anatakiwa aruke majini kutoka juu akiwa amevaa jaketi la kuokolea, ageuze boya kubwa la kujiokolea lililopinduka, aelee bila jaketi na apande chombo cha kuokolea akitokea majini. Katika moto, aingie chumba chenye moshi akiwa na kifaa cha kupumulia, na azime moto kwa mitungi ya aina tofauti. Kituo kisicho na bwawa wala uwanja wa kuwashia moto, kikakupa cheti baada ya siku mbili za slaidi, kimekuuzia karatasi. Tena usidanganywe kurudia zote kila baada ya miaka mitano: mkataba unataka uthibitishe upya umahiri wa kujiokoa na wa moto, basi. Mamlaka ya nchi au kampuni inaweza kudai zaidi, lakini hilo ni lao, usiambiwe kuwa "STCW imesema".

Mkataba unazigawa karatasi mafungu matatu. Kuna COC, cheti cha umahiri, ambacho ni cha nahodha, maofisa na waendeshaji wa redio ya dharura ya baharini. Kuna COP, cheti cha ustadi, kinachothibitisha kuwa umetimiza mafunzo, uwezo au muda wa bahari unaotakiwa kwa jukumu fulani. Kisha kuna ushahidi wa maandishi, yaani hati nyingine zisizo COC wala COP. Baharia wa kawaida, hata AB (able seafarer, baharia mzoefu asiye ofisa) mwenye miaka ishirini kazini, kwa lugha ya mkataba ana COP. Hana COC na hapaswi kuwa nayo. Anayejaza fomu ya kampuni "COC: AB" amejitangaza mgeni kabla ya kuitwa kwenye usaili.

Kitabu cha baharia ndicho kinachochanganywa zaidi. Hicho si cheti. Kinaonyesha wewe ni nani na umetumikia meli zipi. Kila safari iandikwe jina la meli, namba yake ya IMO, ukubwa wake kwa GT (kipimo cha ujazo wa meli), nguvu ya injini kwa kilowati, cheo chako, tarehe ya kupanda na ya kushuka, halafu saini ya nahodha na mhuri. Mambo huharibikia hapa zaidi kuliko kwenye mitihani. Mtu anashuka bandari ya Salalah au Jebel Ali akiwa na haraka ya ndege, mhuri haukupigwa, miezi tisa inabaki hadithi. Au barua ya kampuni inasema "alifanya kazi kwetu" bila kutaja kilowati, na mtahini hawezi kujua kama injini ilifikia 750, kizingiti cha kawaida kwa ofisa wa injini. Kwa sitaha kizingiti ni GT 500. Usishuke kabla hujakikagua kitabu chako mwenyewe, ukurasa wa safari hiyo wote.

Muda wa bahari ndio mali adimu, si kozi. Cheti cha kushika zamu cha baharia wa kawaida, sitahani au kwenye injini, kinataka uwe na miaka 16 au zaidi na miezi sita melini, au mafunzo maalumu yenye angalau miezi miwili melini. AB wa sitaha awe na miaka 18, awe tayari ana cheti cha zamu, kisha miezi 18 ya kazi sitahani, au 12 akiwa amepitia mafunzo yaliyoidhinishwa. Ofisa wa zamu wa sitaha anahitaji miezi 12 ndani ya programu iliyoidhinishwa, yenye daftari la mafunzo linalojazwa melini, na miezi sita kati ya hiyo awe amekaa zamu kwenye daraja la kuongozea meli chini ya uangalizi. Asiyepita programu hiyo adaiwa miezi 36. Ndiyo maana swali la kwanza kwa chuo chochote chenye stashahada ya ubaharia lisiwe ada. Uliza nani anamtafutia mwanafunzi meli, na kama ahadi hiyo imeandikwa. Wahitimu waliomaliza nadharia yote wakakwama nchi kavu kwa kukosa meli ya mazoezi ni wengi mno.

Wala si kila chombo kinahesabika. Mkataba umewaweka kando wanaotumikia meli za kivita, za uvuvi, boti za starehe zisizofanya biashara, na vyombo vya mbao vya ujenzi wa kale. Kwa pwani yetu maana yake ni jahazi: nahodha aliyevusha shehena ya boriti na chumvi maisha yake yote anaweza kuujua upepo wa kusi kuliko ofisa yeyote, lakini kwenye kaunta ya vyeti atapangwa mstari mmoja na kijana aliyetoka kidato cha nne. Mimi naona ni dhuluma kidogo, ila ndivyo ilivyo. Meli za maziwani, kama MV Liemba ya Ziwa Tanganyika, hazimo katika tafsiri ya "meli ya baharini" kwa kuwa zinatembea maji ya bara pekee. Mwenye muda wa huko aiulize mamlaka kwa maandishi kabla hajaujumlisha.

Neno jingine linalotumika ovyo ni "chuo kinachotambuliwa na IMO". IMO haiidhinishi vyuo, haiidhinishi kozi, haitoi vyeti vya mabaharia. Kazi hiyo ni ya serikali, kupitia mamlaka zake za usafiri wa majini: TASAC kwa Tanzania Bara, ZMA kwa Zanzibar, KMA kwa Kenya. Chuo cha Bahari Dar es Salaam (DMI) na Bandari Maritime Academy ya Mombasa hufundisha kwa idhini ya mamlaka, si ya IMO. Ile inayoitwa orodha nyeupe ya IMO ni ya nchi zilizothibitika kuutekeleza mkataba kikamilifu, haitaji chuo hata kimoja. Ukiona nembo ya IMO imepamba cheti cha kituo cha ghorofani, iulize mamlaka husika kama kituo hicho na kozi hiyo vimeidhinishwa. Viwili hivyo ni tofauti: kituo kinaweza kuwa na idhini ya huduma ya kwanza kikawa hakina ya moto.

Afya ianze kabla ya ada. Cheti cha afya cha baharia hudumu hadi miaka miwili, au mmoja kwa aliye chini ya miaka 18, na hutolewa na daktari anayetambuliwa na mamlaka, si daktari yeyote. Anayetaka sitaha lazima atofautishe rangi, kwa sababu taa nyekundu na ya kijani ndizo zinazomwambia usiku meli ya mbele imeelekea wapi. Kuna wanaogundua hawazioni baada ya kulipa mwaka mzima wa masomo.

Na wakala akikutaka hela ya "kukuunganisha na meli", Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006 umekataza. Gharama unayoweza kubebeshwa ni cheti cha afya kinachotakiwa na sheria, kitabu cha baharia, na pasipoti au hati ya kusafiria ya namna hiyo. Viza ni ya mwenye meli.

Kwa hiyo ukiulizwa una nini, usijibu "nina STCW". Sema: nina mafunzo ya msingi ya usalama, ya kujiokoa na moto yanaisha mwezi fulani, nina kitabu na cheti cha afya, cheti cha zamu bado, natafuta miezi sita. Mwajiri anayeijua kazi atakuelewa papo hapo.