Kuandika Kifaransa sio kuikana Algeria

Kuna imani ya siku nyingi kwamba mwandishi wa riwaya mwenye asili ya Algeria akiandika Kifaransa basi kwao ameshakutupa. Inaeleweka mtu kuwaza hivyo. Ila cheki historia, Ufaransa iliitawala Algeria toka 1830 mpaka 1962, shule zake zilifundisha kwa Kifaransa, na 1938 serikali ikatoa amri Kiarabu kihesabiwe lugha ya kigeni, kigeni huko huko kwao! Kwa hiyo wengi nyumbani waliongea Kiarabu cha mtaani au Kikabyle, lugha ya Waberber wa kaskazini mwa Algeria, ila kalamu waliishika kwa Kifaransa, na wale waliozaliwa Ufaransa kwa wazazi wahamiaji ndo kabisa, Kiarabu cha vitabuni wengi hawakufundishwa.

Ukitaka kuhakikisha mwenyewe angalia mwandishi kazaliwa wapi, mwaka gani, shule kasoma kwa lugha gani, halafu sikiliza wahusika wanavyoongea: unaweza kukuta mama anaitwa yemma, mtoto anakemewa hchouma, yaani aibu, neno la shina moja na heshima yetu hii, na mara nyingine mwandishi wala hatafsiri, anayaacha hivyo hivyo katikati ya Kifaransa chake.