Rashasha siyo kila bunduki inayotema risasi mfululizo

Juzi niko kwa kinyozi, TV iko juu ya kioo, taarifa ya habari inasema polisi wamekamata majambazi wakiwa na "silaha nzito ya kivita aina ya rashasha". Nanyanyua macho, naona mezani AK moja iliyokatwa kitako na magazini mbili zimefungwa pamoja kwa selotepu. Kinyozi naye anadakia, "hiyo SMG hiyo". Nimekaa na shuka shingoni siwezi hata kugeuka kubishana, ndo maana naandika hapa.

Haraka haraka kwanza. Rashasha ni bunduki inayoendelea kufyatua yenyewe muda wote umeshika triga, NA (hapa ndo watu wanaruka) imetengenezwa ivumilie hiyo kazi kwa muda mrefu, inapigwa ikiwa imekaa kwenye miguu yake, miwili au mitatu, na kazi yake kubwa ni kuwasaidia askari wenzako wasogee. Basi. AK nayo ukitaka inatema mfululizo lakini ina risasi 30, zikiisha unachomoa magazini unaweka nyingine, na ukifululiza hivyo magazini baada ya magazini mbao ya pale mbele inaanza kutoa moshi mkononi mwako. Ni bunduki ya askari mmoja mmoja. Haikuumbwa kwa kazi ile.

Sasa neno lenyewe, maana ndo tamu. Rashasha tumelitoa kwa Waarabu, shina lake ni kunyunyiza. Ndugu zake unao nyumbani kwako bila kujua: mvua ya rasharasha, marashi, na ule mrashi wa harusini, kichupa chenye shingo ndefu ambacho shangazi anazunguka nacho kwa wageni anatikisa mkono kidogo tu na watu kumi wanapata matone ya marashi. Angalia huo mkono lakini. Hamwagi. Anatikisa, anatulia, anasogea, anatikisa tena, na kichupa kinafika mwisho wa safu bado kina kitu ndani. Mpiga rashasha anayejua kazi anafanya hivyo hivyo, risasi chache, anaachia, chache tena. Kwa hiyo jina ni zuri sana, tatizo ni sisi tuliolisikia tukafikiria mpira wa kumwagilia bustani.

Wazee wetu walikuwa na jina lingine, bombomu, na hilo halihitaji kamusi, limetoka masikioni moja kwa moja. Huku kwetu lilisikika vizuri tu, Novemba 1914 pale Tanga, Mwingereza ameshusha jeshi lake kutoka India watu kama 8,000, upande wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, wako kama 1,000, wengi wao askari weusi wa huku huku, na bombomu ni moja ya sababu waliotoka baharini walirudi baharini (nyuki nao wanatajwa, ni kweli, walitoka mizingani wakauma watu). Bombomu za wakati ule zilikuwa za ukoo wa rashasha ya Maxim, ya mwaka 1884, mtutu umevikwa gamba lenye maji kama lita 4 ili usiyeyuke kwa joto. Mtu mmoja haibebi akakimbia nayo. Ilikuwa na kikosi chake, huyu mtutu, huyu miguu, huyu maji, wengine risasi.

Na SMG? Hili ndo linanikera zaidi sababu hata wanaojua wanalitumia. SMG kwa haki yake ni kitu kidogo kinachopiga risasi za bastola, kama Uzi au Sterling, Wajerumani walikuwa wakweli wakaiita bastola ya mashine. AK inapiga risasi ya bunduki, fupi kidogo, milimita 7.62 kwa 39. Ila Mchina alipoanza kutengeneza nakala zake aliipa AK jina la Type 56 akaiweka kwenye fungu la SMG, na kwa namba hiyo hiyo ya 56 akatengeneza nyingine mbili, moja ya kufyatua risasi moja moja (hiyo ndo SAR) na moja LMG, yaani rashasha nyepesi. Bunduki tatu, namba moja, na ukisikia polisi wetu wanasema "SMG" na "SAR" utaona jinsi majina ya sandukuni yanavyodumu kuliko sanduku. Siwalaumu. Ila SMG siyo rashasha, na AK siyo SMG, kwa hiyo kinyozi na mtangazaji wamekosea wote, kila mtu kwa njia yake.

Mtaani kwetu kuna mzee alibeba hiyo LMG ya Mchina vita vya Kagera, ile yenye kopo la mkanda wa risasi 100 chini yake. Nilimuuliza siku moja aliua wangapi, swali la kijinga, akaniangalia kwa huruma. Akasema kazi yangu haikuwa kuua, kazi yangu ilikuwa kumlaza mtu chini. Yaani adui akiwa amelaza kichwa hawezi kulenga, na dakika hiyo hiyo seksheni yako inatoka pale ilipo inazunguka upande. Ukinyamaza wewe, wenzako wako wazi shambani. Na mtutu wa ile bunduki haubadilishwi, kwa hiyo mpigaji akilewa kelele mtutu ukapata moto sana hana wa akiba, ndo maana alikuwa anahesabu risasi zake kama hela ya nauli.

Alafu akamwaga chai kidogo mezani akaivuta na kidole ikawa ndefu na nyembamba kama jani la mwembe. Ndivyo risasi zinavyoanguka, akasema, siyo duara. Ni kweli kabisa, rashasha iliyokaa vizuri kwenye miguu mitatu ukiipiga kutoka mita 500 eneo zinapoangukia linaweza kuwa na urefu wa mita 100 hivi na upana mita 1 au 2 tu. Ndo maana haiwekwi mbele uso kwa uso na mstari wa watu, inawekwa pembeni, ili jani lilale juu ya mstari wote kwa urefu wake.

Habari ya rashasha nyepesi na nzito siirefushi. Mjerumani na MG 34 yake, baadaye MG 42 ya risasi kama 1,200 kwa dakika, alionyesha kwamba bunduki ile ile ukiiweka miguu miwili ni nyepesi, ukiipandisha kwenye mitatu ukaipa na mitutu ya akiba imekuwa nzito. Rashasha za leo kama FN MAG na PK zinaishi kwa wazo hilo.

Kwa hiyo ndugu mtangazaji, ukiona AK mezani sema bunduki aina ya AK. Hata "bunduki ya kivita" sina neno. Rashasha iache mpaka uone miguu na mkanda, na kinyozi wangu nimeshamwambia, amesema sawa, ila yeye ataendelea na SMG.